Mstari wa Fundi Rangi

Kazi ya Fundi Rangi bandarini ilikuwa kuning'inia kwa kamba ubavuni mwa meli kubwa, akipaka upya mstari wa shehena. Maji yakiufikia, basi, hakuna gunia jingine. Wakoloni waliuleta ili mabaharia wao wasizamishwe na tamaa ya matajiri wao. Meli za wenyeji sheria yao iliziruka, na walipofungasha virago ikabaki ileile. Uhuru tulipata, mstari hatukupata.

Ndiyo maana meli ya kuvukia ghuba ilijazwa mpaka watu wakapakatana. Na binti yake Fundi, aliyeolewa upande wa pili, alikuwa karibu kurudi kwa mumewe na mtoto mchanga. Fundi aliogopa, tena sana. Jumapili moja, bila kumwuliza mtu, alichukua rangi nyeupe iliyobaki kazini akaichorea mstari meli ile. Alidhani mwenye meli ataona haya.

Haya gani! Tajiri alicheka mpaka akashika mbavu, akauacha mstari palepale. Abiria wakaongezeka. "Siku hizi ina mstari kama meli za Wazungu," walisema, wakapanda na magodoro yao. Kama uko juu ya maji au chini, nani aliinama kutazama?

Siku ya safari mstari ulikuwa umeshazama. Fundi alimshika binti mkono.

"Usipande, mwanangu. Ngoja ya kesho."

"Kwani kesho haitajaa, baba? Halafu si ina mstari?"

Fundi akabanwa. Akikiri kwamba ameuchora bila ruhusa, kazi imekwenda, pengine na jela juu. Akinyamaza, damu yake iko mle ndani. Akapanda juu ya kreti.

"Jamani! Mstari huo si wa serikali! Nimeuchora mimi!"

"Tunajua, Fundi," akajibu mama mmoja mwenye ndoo kichwani. "Nani mwingine hapa anaweza? Ndiyo maana tunapanda."

Watu wakacheka. Binti naye alicheka, kwa fahari ya baba yake, akavuka ubao wa kupandia melini na mtoto mgongoni.

"Lakini umezama!" Fundi alipiga kelele. Honi ikalia, ikaimeza sauti yake.

Ubao ulipoanza kuvutwa, Fundi aliurukia, akaingia melini.

"Karibu, baba," binti akasema, akajibana kumpisha. Fundi akaketi, akampakata mjukuu, naye akawa mzigo mmoja zaidi.