Mbegu Tisa za Mti wa Sindano

Mke wangu alifagia bustani ya mji kwa miaka kumi na moja, na mtu akiniambia kufagia ni kazi ya wasio na akili, tunakosana papo hapo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina hasira za karibu na wala sifichi. Kwa hiyo kaa usikilize.

Katika bustani ile kulikuwa na mti mmoja tu wa aina yake. Ukiutazama kwa mbali utasema mnazi, ila shina lake lote lilijaa miiba mirefu kama shazia za kushonea magunia. Watu waliuita Mti wa Sindano. Ulizaa kokwa zenye ganda gumu ajabu. Wataalamu wa kitalu walizipanda mwaka hadi mwaka, wakamwagilia, wakasubiri, wakaambulia patupu. Kisha upepo ukauangusha mti wenyewe. Zikabaki kokwa tisa kwenye kopo ofisini, na baada ya hizo ndiyo basi tena.

Sasa, mke wangu alijua kitu ambacho wenye vyeti hawakukijua, kwa sababu mfagiaji macho yake hushinda chini. Siku moja alikuta kokwa iliyokanyagwa na trekta la taka. Ilikuwa imepasuka na kuangukia kwenye lundo la majani yanayooza, penye joto, nayo ilikuwa imetoa kiuzi cheupe. Akaelewa: ganda ndilo linaloifungia, joto ndilo linaloiamsha. Akaenda kwa mkuu wa bustani kuomba zile tisa. Watu wa kitalu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu hakucheka. Alisema mbegu tano zikiota kabla ya mwaka kwisha, atamhamishia kitaluni awe mtunza miche. Ikipungua hata moja, abaki na ufagio wake na asimsumbue tena.

Basi nyumba yetu ikawa kitalu. Kokwa alizipasulia kwenye jiliwa yangu, ile ninayobania vyuma. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko, akasema mkono wangu umezoea kupigana na chuma. Alikaza kidogo, akatega sikio, akakaza tena kidogo, mpaka ganda likasema ka, kiini kikabaki kizima. Alifanya hivyo mara tisa na hakusaga hata kimoja. Mimi fundi wa miaka ishirini nilisimama pale mdomo wazi, na kwa kweli nilijivuna utadhani jiliwa ndiyo iliyofanya kazi peke yake.

Kisha akaviloweka viini siku tatu, akibadilisha maji asubuhi na jioni. Akachukua wembe, akabandua kifuniko kidogo, si zaidi ya kichwa cha pini, kinachoziba mahali chipukizi linapotokea. Mimi nilipewa kazi ya kukata mabomba ya plastiki, kila moja urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole, yawe vyungu. Alinieleza kwamba mti huu huteremka kwanza ndipo upande. Hushusha kamba nyeupe chini kabisa, na juu hutaona kitu kwa miezi. Akayapanga mabomba juu ya kabati la jikoni, karibu na bati, kwenye fukuto. Akatoa amri moja tu: mtu asifukue.

Miezi sita tukatazama udongo. Mama yangu alipokuja kututembelea aliuliza mabomba hayo tutayavuna lini. Mke wangu alicheka naye, akaendelea kunyunyiza maji.

Mwezi wa saba, mchana mmoja, nilibaki nyumbani peke yangu na kiherehere changu. Nikasema niangalie moja tu, kuna ubaya gani. Nikaingiza kidole kwenye bomba la nne. Nikahisi kitu laini kimekatika, kama tambi iliyoiva. Ilikuwa ile kamba nyeupe, mbichi, hai, inatoa maji. Nilirudisha kila kitu, nikafukia, nikasawazisha udongo. Na nikanyamaza. Mimi mwenye mdomo wote huu, nilinyamaza miezi mitano.

Mwezi wa tisa jani la kwanza likatokeza, jembamba, limekunjwa, na pembeni tayari lina vijiiba. Mke wangu aliniita kunionyesha kidole kilichochomwa, anacheka huku machozi yanamlengalenga. Likafuata la pili, la tatu, la nne, kila moja kwenye bomba lake. Hapo yakakoma. Kila asubuhi alipanda kwenye kigoda akachungulia mabomba mengine matano, na kila asubuhi niliacha chai mezani nikawahi kazini.

Mwaka ulipotimia nilimsaidia kubeba mabomba yote tisa hadi ofisini. Watu wa kitalu walikuwa wamejipanga ukutani. Mkuu alihesabu mara mbili.

"Nne. Na hizi tano?"

"Hazikuota, mkuu," mke wangu akasema.

Nikisema, naaibika mbele ya watu wazima. Nikinyamaza, kesho anashika ufagio.

"Moja iliota," nikasema, nikaonyesha bomba la nne. "Mimi ndiye niliyefukua kwa kidole nikaikata. Alinikataza, nikafanya. Mkono wake yeye haujaharibu hata moja."

Mkuu alimimina udongo wa bomba la nne juu ya gazeti. Akachambua taratibu. Kiini kilikuwepo, na kipande cha kamba, kimekauka, kimekuwa cheusi. Chini zaidi akakipata kipande kingine. Akaviunganisha pale mezani.

"Zilizoota ni tano," akasema, na akawaambia watu wa kitalu wampishe mwenzao mezani. Wakampisha. Mmoja akamuuliza, kwa adabu kabisa, jinsi ya kushika wembe.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimeinua kichwa kama mimi ndiye niliyepandishwa cheo, lakini ilibidi nimwombe radhi. Sikufika mbali.

"Tundu la kidole chako nililiona jioni ileile," akasema. "Nani mwingine mwenye kidole kinene hivyo nyumbani kwetu?"

Nikasimama. Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia mkuu haikuota, wakati neno moja tu lingempa kitalu.

"Wangeniuliza nani kaikata," akasema. "Ufagio nimeuzoea. Wakucheke wewe? Hapana."