Ng'ambo ya Pili ya Maporomoko

Katika flati ya Bi Zainab, pale Woolwich karibu na soko, kulikuwa na neno moja lisilotamkwa, nalo ni marehemu. Kila Mzanzibari aliyeingia alilijua hilo. Mumewe, Bwana Mbarouk, alichukuliwa nyumbani kwake baada ya Mapinduzi, chai yake ikiwa bado mezani, na tangu hapo hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala mtu wa kusema nimemwona. Wenzake husema "Mungu amrehemu." Yeye alisema "Mungu amrejeshe," na ole wako ukosee.

Binti yake, Mardhiya, alikulia ndani ya dua hiyo. Aliletwa London mtoto, akasoma, akaolewa, akaachika, akaingia uzee akiwatunza wazee wa watu katika nyumba ya wazee, na bado baba yake alikuwa "hajarudi." Kila Alhamisi jioni mama alijipaka wanja, akavaa bangili zake za dhahabu, akafukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikalia na jirani akagonga ukuta. Jirani na agonge. Mwanamke mwenye mume hujipamba, na nani aliyemthibitishia kuwa hana? Mardhiya hakuwahi kubisha, ila alichoka, tena sana. Alitaka kumlilia baba yake kabla yeye mwenyewe hajafa, na hakuona njia ya kumlilia bila ya kumvunja mama yake moyo.

Kazini alikuwa na shoga, Lila, Mnepali wa dini ya Budha, mjane wa askari aliyetumikia jeshi la Waingereza. Mardhiya akiwa na zamu za jioni, Lila ndiye aliyekaa na Bi Zainab, lugha hawaelewani, wakimenya vitunguu thomu na kucheka. Kwa hiyo Lila alipomwomba amsindikize milimani kwao kwenye maporomoko matakatifu, kumuaga mumewe, magoti yakimuuma na wanawe wakisingizia kazi, Mardhiya hakuwa na uso wa kukataa. Bi Zainab alitoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba maji ni ya kunywa na kutawadhia, si ya kuabudu.

Ilikuwa mbali kuliko alivyodhani. Baada ya ndege basi, baada ya basi gari la jipu, na gari liliposhindwa wakatembea, Mardhiya akihema na kuzilaani sambusa zote alizowahi kula. Waliyasikia maji kabla ya kuyaona, na porojo zikawaisha. Yalishuka kutoka juu kabisa ya jabali, meupe, yakipiga chini hata ardhi ikatetemeka. Vitambaa vya rangi vilivyoandikwa dua vilipepea kila mahali. Mardhiya alishusha sauti bila ya kuambiwa.

Lila alimweleza mila ya mahali pale. Upande huu wa maji hutajwa majina ya walio hai, waombewe uzima. Ng'ambo ya kidaraja hutajwa waliokufa, waagwe. Mtawa mmoja, bibi kizee aliyenyoa kichwa, alikaa ng'ambo akipokea majina. Upande wa tatu hakuna.

Mardhiya alisema yeye Mwislamu, hana jina alilolileta, atangoja hapa hapa. Lakini Lila alipofika katikati ya kidaraja magoti yakamsaliti, na Mardhiya akakimbia kumshika mkono, akamvusha. Lila akamtaja mumewe, akalia, akatulia. Kisha yule mtawa, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akamgeukia Mardhiya akamuuliza kwa lugha ya kwao, na Lila akafasiri: jina la nani?

Mardhiya alitazama upande aliotoka. Ndiko alikomwacha baba yake miaka yote, upande wa walio hai, hana pa kukaa.

"Marehemu Mbarouk bin Vuai," alisema.

Mtawa hakuelewa hata neno, akainamisha kichwa. Mardhiya akageuka pembeni, akamsomea baba yake Fatiha kwa mara ya kwanza maishani, na machozi yakamtoka mpaka kifua kikauma. Alihuzunika, na alipumua.

Njiani kurudi alijiapiza kuwa mama hatajua. Siku ya pili baada ya kufika, wamekaa Woolwich wanakunywa chai, mama anauliza habari za safari, na yeye akisimulia ubaridi wa maji yale, ulimi ukamponyoka.

"Marehemu baba angeyapenda."

Bi Zainab akaweka kikombe chini. Mardhiya akaanza kuomba radhi, mama akamzuia kwa mkono.

"Nilikuwa nangoja mmoja aseme," alisema. "Mimi nisingeweza, mwanangu. Ningemuua kwa mdomo wangu."

Akazivua bangili moja moja, akamkabidhi. Akasema atakaa eda. Sheikh aliyepigiwa simu alieleza kwa upole kuwa kwa miaka yote hiyo eda imeshapita zamani, haimlazimu tena. Bi Zainab alimshukuru, akasema amesikia, ila sheikh hakuolewa na Mbarouk, akaendelea kukaa.

Alhamisi ile Lila alipokuja, alimkuta kajifunika nguo isiyo na nakshi, macho hayana wanja. Alikaa kando yake, akachukua thomu, wakaanza kumenya. King'ora hakikulia, na jirani, kwa mara ya kwanza, alikuja kugonga mlango kuuliza kama bibi ni mzima.