Kina cha Maji

Chubwi.

Katika utoto wake wote hakuna sauti aliyoikumbuka kama hiyo: jiwe dogo likiingia majini, chini kabisa kwenye kisima cha uani. Mama yao aliwakataza kutupa mawe kisimani, na wao, yeye na kaka yake, walitupa kila mama alipogeuza mgongo. Mwanzoni kisima kilijibu papo hapo. Miaka ilivyokwenda, jibu likawa linachelewa. Walikaa wameinamisha vichwa wakingoja, na kaka yake akacheka, akisema jiwe limesimama njiani kusalimia watu. Yeye hakucheka. Siku moja walingoja, wakangoja, wakasikia ko, jiwe kugonga jiwe, basi.

Alipoajiriwa na ofisi ya maji kupima visima, hakuna aliyeshangaa nyumbani. Kazi yake ni kushusha utepe wenye ncha ya chuma ndani ya bomba jembamba lililochimbiwa ardhini. Ncha ikigusa maji, kikasha alichoshika mkononi hulia pii. Husoma mita, huandika, kisha huukunja utepe huku akiupangusa taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

Miaka mingi namba hizo zilipelekwa makao makuu zikalala kabatini. Ni yeye aliyewasumbua wakubwa mpaka wakakubali ziwekwe hadharani, ubaoni nje ya ukuta wa ofisi kila Jumatatu, na kwa ujumbe wa simu kwa yeyote anayezitaka.

"Maji ni yao," alisema kikaoni. "Kwa nini wasijue yalipo?"

Ubao ukapakwa rangi nyeusi. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: KINA CHA MAJI. Chini, namba ya wiki. Mtaa mzima ukambatiza jina, Bi Kina, naye akalipokea kwa furaha.

Ukame ulipoanza, watu walizidi kusimama pale ubaoni. Walisoma, walipiga picha, walitumiana. Lakini kuna jambo moja lilimtatiza: kadiri namba zilivyozidi kuwa mbaya, ndivyo wasomaji walivyozidi kuondoka wakitabasamu. Alidhani ni ujasiri.

Jumatatu aliyoandika thelathini na moja, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alitoka na mashine yake mkononi, akasoma, akapiga mluzi.

"Bi Kina, hongera! Wiki iliyopita ishirini na tisa, leo thelathini na moja. Mvua hakuna, maji yanazidi tu. Au unamiminia wewe usiku tukilala?"

Chaki ikamkatikia mkononi.

"Umesema yanazidi?"

"Si umeandika mwenyewe? Kina cha maji, mita thelathini na moja. Kaka yako hakununua ile pampu ya kitalu chake kwa ndoto. Leo ndiyo anaizindua, katualika wote tukaone maji yakiruka."

Aligeuka akautazama ubao wake kama anauona mara ya kwanza. Kina cha maji. Kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama ukingoni mwa mto akiogopa kuvuka, kina ni wingi wa maji yenyewe. Kwake yeye, aliyezoea kuinamia mashimo, kina kilikuwa safari ya utepe kutoka mdomo wa bomba hadi pale unapogusa maji. Namba ikikua, maji yamekimbia. Mwaka mzima aliwaandikia habari za kiu, nao mwaka mzima walisoma habari za shibe.

Kisha akakumbuka zahanati. Ilipakana na kitalu cha miche cha kaka yake, ua mmoja tu katikati, na visima vyao viwili vilinyonya maji yaleyale. Pampu ya zahanati ilining'inia mita thelathini na tatu chini. Alikuwepo siku inafungwa. Maji yakishuka chini ya hapo itanyonya hewa, itaungua, na wodi ya wazazi itabaki mikono mitupu.

Alinyakua mkoba wenye utepe, akakimbia. Hata kabla hajakata kona aliisikia pampu ikinguruma.

Kitaluni watu walikuwa wakipiga makofi. Maji yalirushwa juu ya safu za miche ndani ya vifuko vyeusi, yakianguka kama mvua waliyoisahau. Kaka yake alisimama katikati, miguu peku, suruali imekunjwa, amelowa mpaka nywele.

"Karibu, mdogo wangu! Njoo uone kazi yako ilivyozaa!"

"Kaka, zima."

"Nini?"

"Zima pampu! Maji yanashuka!"

"Yanashuka kwenda wapi, sokoni?" Watu wakaangua kicheko. Kaka akatoa simu mfukoni, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Kina cha maji, mita thelathini na moja. Na aliyetuma ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa namba zako hizi nimeuza pikipiki yangu, leo unaniambia nizime?"

Mama mmoja aliyekuja kununua miche alimtazama Bi Kina juu mpaka chini. "Kuna mtu kampa chai huyu. Wanataka tuanze kununua maji ya magari."

"Sijapewa chai na mtu. Nimeandika vibaya." Ilimbidi apaaze sauti ili ashinde ule mngurumo. "Ile namba si wingi wa maji. Ni umbali. Ikikua, maji yako chini zaidi. Niliandika neno ambalo nalielewa peke yangu."

"Tangu lini?" kaka aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

Vicheko vikakatika. Kaka yake akaja mpaka mbele yake, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Basi ama ulinidanganya mwaka mzima, ama unanidanganya leo. Niambie nimwamini Bi Kina yupi."

Kabla hajajibu, nesi alijitokeza juu ya ua wa zahanati, glavu mkononi. "Jamani huko! Bomba letu linakohoa! Linatema hewa tupu, na ndani nina mama, mtoto yuko njiani!"

"Zimeni pampu yenu isiungue!" Bi Kina alimjibu. "Tumieni maji ya tangi!"

"Tangi lenyewe liko chini ya nusu!"

Kaka alimtazama nesi, akautazama mpira wake wa maji, lakini mkono haukwenda kwenye swichi. Bi Kina hakubishana tena. Bomba alilopimia kila wiki lilikuwa palepale kando ya ua. Alilifungua, akashusha utepe mpaka kikasha kikalia pii mfululizo, bila kukatika. Akamkabidhi kaka yake.

"Shika. Usishushe, usipandishe. Sikiliza tu."

Alishika. Kinyozi alikuwa amefika, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja, shuka la saluni likimpepea shingoni, hakuna aliyewacheka. Wote walikodolea macho kikasha kinacholia. Nyuma yao pampu iliendelea kunguruma.

Kikasha kikanyamaza.

"Kimeharibika," kaka akasema.

"Hakijaharibika. Maji yameiacha ncha."

Bi Kina alilegeza utepe shubiri moja. Pii. Wakasubiri. Kimya tena. Safari hii kaka mwenyewe alilegeza, polepole. Pii. Na kabla sauti haijakauka alimrudishia dada yake kikasha, akatembea juu ya matope mpaka kwenye swichi, akaizima.

Mpira ulinywea. Matone ya mwisho yakadondoka kwenye majani, kisha ukaja ukimya wa kuumiza masikio. Kikasha nacho kilikuwa kimenyamaza tena. Bi Kina alisimama kiganja kimeushika utepe, haupandishi wala haushushi. Kutoka zahanati ilisikika sauti ya mwanamke akiugua, na ya nesi akimwambia bado, mama, usisukume, bado. Mnunuzi wa miche aliziba mdomo kwa upande wa khanga. Kinyozi alianza kusema kitu, mteja wake akamkanyaga mguu.

Walisubiri mpaka migongo ya watu ikaanza kuuma.

Pii.

Hafifu, ikakatika, ikarudi, ikashika.

"Washa!" alipaza sauti juu ya ua. "Jaribu sasa!"

Bomba la zahanati likakohoa. Likatema tope, likatema hewa, kisha wakasikia maji yakigonga beseni. Hakuna aliyepiga makofi. Baada ya kitambo kilisikika kilio kingine, chembamba, cha hasira, na mteja wa kinyozi akasema, "Huyo naye kaja kulalamikia maji." Hapo ndipo watu wakakumbuka kucheka.

"Bi Kina," kinyozi aliuliza wakitawanyika, "ule ubao tuufanyeje?"

"Futa juu pote. Andika: maji yako mita thelathini na moja chini ya miguu yenu, na yanashuka. Herufi kubwa. Nami natuma ujumbe sasa hivi."

Aliutuma palepale, neno kwa neno, ukiwa na samahani yake mwishoni. Simu zikaanza kulia mifukoni mwa waliokuwa wakitoka langoni. Mmoja baada ya mwingine walisimama, wakasoma, wakatazama ardhi waliyoikanyaga.

Walibaki wawili. Kaka yake aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya miche iliyokuwa bado ikimetameta. Aligusa jani moja, akalipangusa tope kwa kidole gumba.

"Leo yamerudi," alisema. "Lakini mimi nauliza habari ya mbele. Zile namba zako zote za mwaka, ukizisoma wewe, siyo mimi. Kisima hiki kitanivusha kiangazi, au nihamishe miche nikatafute pengine?"

Bi Kina alikuwa na kila namba kichwani. Alijua pia kwamba kitalu kile kaka yake alikianza kwa mbegu za kwenye makopo ya maziwa, na kwamba pengine pa kuhamia hakuwa napo.

Kaka aliinua macho akamtazama, akisubiri.

"Hamisha, kaka," alisema, kwa sauti ndogo iliyomlazimu kaka yake kumsoma midomo.