Siku Sabini na Sita za Fundi Baridi

Jumanne, tarehe 4 Machi. Tangu alfajiri mawingu yalikuwa yametanda, joto la kunata, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa pazia. Saa nane mchana mvua ilinyesha kwa robo saa tu, ikaacha fukuto kubwa kuliko lile la mwanzo. Ndiyo siku ambayo mama mkwe wa fundi Baridi alirudi kutoka kliniki ya macho na mfuko wa nailoni mkononi, ndani yake samaki mmoja wa buluu, mpana kama kiganja cha mtoto.

Mama alikuwa na wiki tatu kwa binti yake. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto likisubiri zamu yake mwezi wa tano. Siku hiyo alipita mbele ya duka la samaki wa mapambo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaona buluu ikiwa buluu kweli, si ile ya kijivujivu aliyokuwa ameizoea. Akasimama. Akakumbuka tangi la mkwewe sebuleni, akasema moyoni kwamba mtu anayekula na kulala kwa watu haji mikono mitupu.

Alipofika alimkuta mkwewe amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai.

"Nimekuletea mgeni," alisema mama, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Akafungua mpira wa mfuko, akamimina samaki na maji yake yote. Yule wa buluu akapiga mkia, akaingia nyuma ya mawe.

"Asante, mama," alisema Baridi. Hakuongeza neno. Mama akaona furaha imemzidi mwanamume.

Jina la Baridi alipewa na wateja. Ni fundi wa majokofu, ana miaka hamsini na mmoja, na hata ukimwambia karakana yako inaungua atakuuliza kwanza umezima swichi ipi. Lile tangi alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya friji la duka lililotupwa. Lilikuwa la lita mia nne, maji ya chumvi, lenye mawe, mchanga, matumbawe laini yanayopepea, konokono, na kamba wawili wekundu. Samaki walikuwa watatu. Kangaja wa njano aliitwa Mkaguzi, kwa sababu kutwa alizunguka akikagua kila pembe. Wengine wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, Bwana Harusi na Bibi Harusi. Bibi ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri. Baridi alimnunua mwaka aliofungua karakana, miaka kumi na mmoja iliyopita, na hakuna kitu katika nyumba ile, ukimtoa mkewe, alichokuwa amekaa nacho muda mrefu hivyo bila kukifungua na bisibisi.

Jioni binti alirudi kutoka kazini, akachungulia tangi, akashika kiuno.

"Huyu ametoka wapi? Mbona hajapita stoo?"

"Stoo kufanya nini?" mama aliuliza. "Mgeni gani analazwa stoo?"

"Kila samaki mpya hapa anakaa stoo siku thelathini, mama, kwenye tangi lake. Karantini. Mpaka ijulikane hana wadudu."

"Basi mimi nimshukuru Mungu nililazwa chumbani."

Wote watatu walicheka, lakini Baridi alicheka kwa mdomo tu. "Keshaingia," alisema. "Na maji aliyokuja nayo yameingia. Tuangalie."

Aliangalia siku tisa. Lakini aliyeona wa kwanza alikuwa mama, kwa jicho lake jipya. Alhamisi asubuhi, akiwa amekaa mbele ya kioo na uji wake, alimwona Mkaguzi anajikwaruza kwenye jiwe kama ng'ombe kwenye nguzo. Mapezini alikuwa na chembe nyeupe.

"Baba, huyu njano ameshikwa na chumvi."

Baridi alikuja na kurunzi. Akapiga magoti. Akamulika Mkaguzi, akamulika yule wa buluu, kisha akakaa muda mrefu na mwanga juu ya Bibi Harusi, ambaye kwenye pezi la kushoto alikuwa na chembe tatu.

"Si chumvi, mama," alisema taratibu. "Ni vimelea."

Mama aliweka uji wake chini. Samaki wale walikuwa wazima miaka yote, wameugua wiki ya pili baada ya zawadi yake. Hesabu hiyo haikuhitaji mtu wa shule.

Aliposikia Baridi ana dawa stoo, alidakia: "Si uimwage humo, basi! Unangoja nini?"

"Dawa yenyewe ni shaba, mama. Nikiimwaga humu, kamba watakufa, konokono watakufa, matumbawe yatakufa, na mawe yataifyonza yasiitoe tena. Lazima samaki watoke, wakatibiwe kando. Jumapili sina kazi. Nitawatoa."

Jumapili kulipokucha, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza sebuleni. Aliangalia, akafuta miwani, akaangalia tena. Chembe zote zimekwisha! Mkaguzi safi, Bibi Harusi safi, hata mgeni wa buluu anang'aa. Akaita nyumba nzima.

"Wamepona! Njooni muone! Dua ya mtu mzima hiyo!"

Baridi alikuja na ndoo tano. Akaangalia, akatikisa kichwa, akaanza kutoa mawe.

"Baba, umesikia nilichosema? Wamepona. Unawabomolea watu nyumba ya nini?"

"Hawajapona, mama. Wale wadudu wameshiba, wameanguka. Sasa wako kwenye mchanga, kila mmoja amejifungia kwenye ganda anazaa. Mmoja anatoa mamia. Wakitoka watatafuta samaki. Wakikosa, watakufa njaa. Kwa hiyo ndiyo siku nzuri ya kuwatoa samaki, leo, mzigo wao ni mdogo."

Mama alirudi kukaa, amenuna. Alimtazama mkwewe akitoa jiwe baada ya jiwe kwa saa nne nzima, mgongo umeloa, na katika moyo wake akaona ni adhabu anapewa mbele ya watu. Mtu mwenye akili anawezaje kumhamisha mgonjwa aliyepona?

Stoo ilikuwa mwisho wa korido, mbali na sebule. Tangi la huko lilikuwa kioo kitupu cha lita mia na ishirini, bila mchanga wala mawe, na vipande vya bomba la plastiki vya samaki kujifichia. Kichujio chake cha sponji kilikuwa kimekaa miezi ndani ya tangi kubwa kikizoea kazi ya kusafisha maji. Baridi alifunga utepe mwekundu kwenye nyavu na ndoo za stoo, na wa buluu kwenye vifaa vya sebuleni. Asubuhi alihudumia kwanza sebule, kisha stoo. Akishatia mkono stoo, hakugusa tangi la sebuleni mpaka kesho yake. Kwenye ukuta alibandika karatasi ya mistari: tarehe, saa, shaba, joto, nani amekula.

Shaba aliitia kidogo kidogo kwa siku tano. Mama aliyekuwa amenuna alishindwa kunyamaza. Alisimama mlangoni pa stoo akimwona anadondosha matone kwenye kichupa cha maji, anangoja dakika, analinganisha rangi na kadi.

"Ongeza, baba. Mbona unapima kama mganga bahili?"

"Ikizidi kipimo ni sumu, mama. Ikipungua wadudu wanaicheka. Na samaki akishtuliwa na dawa anaacha kula."

Siku ya nne stoo, kabla dawa haijafika kipimo, chembe zilirudi. Zilirudi mara tatu ya zile za mwanzo: wadudu wachanga waliokuja na samaki, wadogo mno kuonekana ile Jumapili, walikuwa wamekua. Mgeni wa buluu alikuwa kama amenyunyiziwa unga wa ngano, na asubuhi ya siku ya tano alilala ubavu chini ya bomba. Baridi alimtoa kwa wavu wenye utepe mwekundu, akamfunga kwenye gazeti. Bibi Harusi alikuwa kwenye kona, anahema juujuu, chakula kinapita mbele ya mdomo wake hakitazami.

Ndipo mama alipoelewa ile Jumapili. Kama angesikilizwa yeye, wingu lote hili la wadudu lingetokea sebuleni, ambako dawa haingii.

Alimngoja Baridi anawe mikono.

"Niambie ukweli, baba. Ni mimi, sivyo?"

Baridi alijifuta kidole kimoja kimoja kwa taulo.

"Mama, siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Nilikuona unashika mpira wa mfuko. Kutoka pale mpaka kwenye tangi ni hatua nne. Nilijua hasa kitakachotokea." Akatundika taulo. "Nikaona haya. Nitamnyang'anyaje mama mkwe zawadi mkononi? Nikanyamaza. Wewe ulikosa kwa kutojua. Mimi nilikosa huku najua."

Mama alimtazama kwa jicho lake jipya na lile la zamani. Miaka kumi na sita mwanamume huyu alikuwa akimwamkia akiwa ameinamisha kichwa, akimpisha njia, akila baada yake. Mama aliiona ile kuwa heshima tupu, na alijivunia mbele ya majirani. Hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa na gharama.

"Kumbe haya yako ndiyo imemuua yule wa buluu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku nyingine sema! Hata ukinipigia kelele."

"Kelele siwezi, mama."

"Basi sema polepole, lakini sema. Haya ya mkwe samaki hawaijui." Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya tangi la stoo. "Sasa nipe kazi. Kuangalia naweza, jicho si nimelilipia kwa maumivu?"

Baridi alimpa saa ya mkononi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu Bibi Harusi anafunua mashavu mara ngapi kwa dakika, asubuhi, mchana na jioni, aandike ukutani. Siku ya kwanza ilikuwa mia na ishirini na nane. Ya pili mia na thelathini. Binti alipita na nguo za kufua, akauliza, "Mama, leo husikilizi redio?" akajibiwa, "Nyamaza, umenipotezea hesabu." Baridi alibadilisha maji kila siku ya pili, akirudisha kipimo kilekile cha shaba katika maji mapya, na kila mlo alidondosha punje tatu za chakula, akizitoa kwa mrija zisipoliwa ili zisioze. Siku sita mfululizo alizitoa zote tatu. Hakuna siku aliyozitupa zote tatu kwa mpigo ili aondokewe na kazi, na hakuna siku aliyozidisha dawa, ingawa mama aliuona mkono wake ukisita juu ya chupa.

Siku ya saba hesabu ilikuwa mia na nne. Punje ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu Bibi Harusi aliigeukia, akaimeza, akaitema, akaimeza tena.

Mama alipiga vigelele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Siku thelathini za dawa zilipotimia, samaki walikuwa safi, lakini hawakurudishwa. Sebuleni tangi kubwa liliendelea kukaa bila samaki, kamba wakitamba kama wenye nyumba. Wageni waliokuja waliuliza samaki wako wapi, na mama ndiye aliyewajibu, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba wadudu walikuwa wanashindishwa njaa. Mei 20 alifanyiwa jicho la pili. Mei 31, siku ya sabini na sita tangu watolewe, Baridi aliwarudisha watatu mmoja mmoja. Mkaguzi alikagua pembe zote kabla ya kula. Bibi Harusi alielekea kwenye kona yake, akamfukuza kamba aliyekuwa amejimilikisha, na Bwana Harusi akafuata nyuma. Mama alikaa mbele yao jioni yote na macho mawili.

Kesho yake asubuhi Baridi alikwenda stoo kumwaga maji ya tangi la matibabu. Alipomaliza alimkuta mama amekwisha inama, mikono miwili chini ya kioo, tayari kumsaidia kulitoa nje.

"Hapana, mama," alisema. "Acha. Daktari alisema usinyanyue."

Mama aliacha. Baridi akalitoa mwenyewe, akalisugua kwa siki, akalisuuza mara tatu, akaliegemeza ukutani juani. Kisha akachukua mfuko wake wa vifaa, akaenda kutengeneza jokofu la bucha.