Chachu ya Mzee Povu

"Umeiua, wifi! Umeiua mchana kweupe!"

"Teremsha sauti. Kaka yako kalala, masikio yake hayajalala."

Wifi mtu akaiinua chupa ya mdomo mpana, akanusa, akakunja uso. Ute wa kijivu ulikuwa umelala doro chini, hata kipovu cha kusingizia hakuna.

Mke wa Mzee Povu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka nenda miaka rudi alimwona mumewe, kila pombe ikishamiminwa, akikomba mashapo chini ya pipa na kuyatia katika chupa ile yaje kuchachua pombe nyingine, chachu ileile aliyoachiwa na mama yake. Aliifunika kwa kitambaa, kamwe si kwa kifuniko. Maana kuna aliyewahi kuifunga kifuniko. Kikaruka, kikatoboa bati, kikamwangusha kunguru aliyekuwa akijipitia na shughuli zake. Kunguru alipozinduka, alikuwa amelewa chakari.

Tangu maradhi yamlaze mzee, mke ndiye aliyeilisha chachu. Leo uji wa kimea ulikuwa bado wa moto mgonjwa alipoita ageuzwe ubavu. Kwa haraka akaumimina chupani bila kutia kidole kupima, akakimbilia chumbani. Aliporudi, chachu imepikika.

"Akifumbua jicho tu anaulizia chupa," alisema. "Mimi haniulizii. Wifi, hiyo chupa ndiyo inayomshikilia. Akijua imekufa, naye anakwenda."

Wifi akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti ya hamira ya dukani.

"Tia hii. Itoe povu, umwonyeshe kwa mbali. Mgonjwa wa kulishwa kijiko atajulia wapi?"

"Yule? Yule ananusa mvua ya wiki ijayo!"

"Haya, lete lako."

La kwake hakuwa nalo. Akaisuuza chupa, na ule ute wa mama mkwe ukateremka na maji machafu hadi mtaroni, yeye akitazama pembeni. Akachanganya hamira na sukari na maji vuguvugu. Safari hii kidole alitia, tena mara mbili. Povu likaanza kupanda. Harufu ikajaa jikoni kote.

"Lione linavyojitutumua, ongo kubwa!" Wifi akacheka, kisha kicheko kikamkauka alipomwona mwenzake analia. "Futa uso, mama. Ukiingia na macho hayo utatuumbua. Utamwambia imeamka vizuri, halafu—"

Pazia likasogea. Mzee Povu, ambaye kukaa kitako tu kulikuwa kwa kuegemezwa mito, alikuwa amesimama mlangoni peke yake, shuka mabegani, kiganja ukutani, pua juu.

"Nani anaoka mkate humu?"

Mke akairudisha chupa nyuma ya mgongo, povu likimchuruzikia vidoleni.