Lugha Mbili Juu ya Kisima

Nilisoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili chenyewe nilikijulia shuleni. Nyumbani tulisema Kigogo. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna wakati watu walinihesabu kuwa mjuzi wa lugha, na mimi sikuwakatalia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, na wageni wakaja na miradi yao. Mradi mmoja wa visima ulipiga kambi kwenye vijiji vya ng'ambo ya Mvumi, nikapata kazi ya kuwapikia wageni wawili. Mmoja alikuwa Mdenishi, msimamizi. Mwingine alikuwa fundi wa winchi, ile mashine ya kuinulia mizigo kwa kamba, aliyekuja na mitambo kutoka Uchina, lakini ukimwita Mchina aliweka kijiko chini. Alijigonga kifua: yeye ni Muuyghuri, na kwao ni mbali, upande wa jangwani. Mdogo wangu, baba wa watoto wawili, alikuwa mchimbaji hapohapo. Kazi ile nilimwombea mimi.

Jikoni ndiko nilikozilinganisha lugha zao. Kidenishi kilinishinda kwa sababu kilimezwa. Maji waliyaita vand, lakini herufi ya mwisho haikufika mdomoni; mkate ni brød, nao uliishia kooni kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Tena Mdenishi alisema kila kitu kwa sauti ileile ya chini, awe anasifu mboga au anamfukuza mtu kazi. Kiuyghuri kilitoka nje chote. Fundi akitaka maji, su, hata mbwa alisikia. Na humo nilikuta maneno kama yetu: chai ni chay, kitabu ni kitab, dunia ni dunya. Nyumba ni öy, nyumba yangu öyüm, nyumbani mwangu öyümde. Sisi neno tunalitwika mzigo mwingi mbele, wao wanaufunga wote nyuma. Nilifurahi kama aliyekutana na ndugu ugenini, nikadhani bado kidogo tu nitakijua. Kwa kweli nilikuwa na maneno kama thelathini ya Kiuyghuri na kumi na mawili ya Kidenishi, yote ya kula na kushukuru.

Jioni wachimbaji walikuja jikoni kuota moto.

"Dada, tupigie Kidenishi!"

Nikajaza viazi mdomoni, nikanung'unika.

"Na cha fundi je?"

Nikagonga sufuria, nikafoka. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mdogo wangu aliwazidi wote. "Mnamwona huyu? Wageni wakigombana, anayewaamua ni yeye." Nilijua si kweli. Nilimwongezea ugali.

Mkalimani wa mradi alikuwepo, msomi wa chuo. Alipita katikati yao kwa Kiingereza, ambacho Mdenishi alikisema vizuri na fundi kwa kuungaunga. Siku ile ya ajali alikuwa amekwenda mjini kwa shughuli zake, bila kuaga.

Mdogo wangu alikuwa chini ya kisima, kina cha watu wanne, mchanga ulipoporomoka ukamfukia mpaka kifuani. Alikuwa hai, tulimsikia akiita. Juu yake pete moja ya zege, katika zile zinazozuia kuta, ilikuwa imelalia upande, na kamba aliyofungwa mdogo wangu ilipita ubavuni mwa pete hiyo. Mdenishi alilala kifudifudi, kichwa na mikono ndani ya kisima, akawa anasema. Fundi alikuwa kwenye winchi, amekamata breki kwa mikono miwili, akawa anapiga kelele. Hofu iliwasahaulisha Kiingereza. Kila mmoja alisema lugha ya mama yake. Wanaume walioshika kamba wakanigeukia. Mmoja alikuwa amekuja mbio kunitoa jikoni, bado nilikuwa na mwiko mkononi.

"Wanasemaje, dada?"

"Dada, sema! Tuvute?"

Sikuelewa hata neno moja. Hakukuwa na chai pale, wala mkate. Ningesema sijui, wangesubiri, na fundi angeshuka kwenye winchi au Mdenishi angeinuka akawaonyesha kwa mikono. Lakini walinitazama kwa imani ile waliyoipata jikoni kwangu, na aibu ikanishika kabla ya huruma. Mdenishi anasema taratibu, nikajiambia, basi hakuna hatari. Fundi anafoka, nikajiambia, anahimiza.

"Wanasema vuteni," nikasema.

Wakavuta. Kamba ikaisogeza pete, pete ikamshukia. Mdogo wangu alikuwa anaita jina langu la utotoni, akalifikisha nusu.

Mkalimani alirudi alasiri. Alizungumza na Mdenishi, akazungumza na fundi, kisha akanifuata nyuma ya jiko. "Wote wawili walikuwa wanasema subirini," akanong'ona. "Walitaka pete ifungwe kwanza kwenye winchi. Nani aliwaambia watu wavute?"

Nikamwambia ni mimi.

Akatazama nyuma yake. "Basi usiseme. Ukisema, wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

Msibani walikuja Wanyamwezi wa mjini, watani zetu. Mtani ana haki yake: hulali wala hulii mbele yake kwa raha, atakuiga, atamwiga marehemu, na ukikasirika umevunja utani. Mmoja wao, mwanamke mnene, alikuwa amesikia habari zangu kwa wachimbaji. Akatwaa mwiko wangu, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba ya mdogo wangu.

"Mkalimani wa mataifa huyu hapa! Haya, muulize marehemu, huko chini wanasema lugha gani? Au nako umewapikia?"

Watu wakaangua kicheko. Wifi yangu, mke wa marehemu, hakuwa ameinua kichwa tangu jana yake. Aliinua. Akacheka huku machozi yanamtoka, na kina mama waliomzunguka wakashukuru kuona anacheka.

"Tutafsirie basi!" mtani akanisukuma bega. "Wageni walisemaje pale kisimani?"

Nikaona nikinyamaza sasa, nitanyamaza mpaka nife. Nikamtazama wifi yangu usoni.

"Walisema subirini," nikasema. "Wote wawili. Mimi nikasema vuteni. Sikuwa nimeelewa kitu."

Yule mtani akajipiga kofi pajani. "Amenishinda! Mgogo amenishinda utani, na marehemu ni wake!" Uwanja mzima ukalipuka. Wazee walijifuta macho.

"Ni kweli," nikasema. "Wifi, ni kweli."

"Acha, wifi, utaniua," akasema, akiegemea begani kwangu, mwili wote ukimtetemeka kwa kicheko. "Angekusikia mwenyewe! Hebu sema tena."