Mbio za Mswaga Ngamia

Miaka mingi nimeswaga ngamia kwa miguu kutoka Tarbaj hadi soko la mifugo la Garissa. Binti yangu aliponiandikisha katika mbio za kilomita ishirini na moja hapa mjini, nilicheka. Kwangu mimi hayo ni matembezi ya kabla ya chai.

Filimbi ilipolia, vijana walitimka kama mbuzi walioona fisi. Nikabaki nyuma, maana mswagaji hatangulii. Huufuata mwendo wa mnyama aliyechoka kuliko wote.

Kufika mtaa wa Waberi, nikawakuta vijana saba wameketi kando ya barabara, wameshika mbavu. Wapumbavu! Nikawapigia mluzi ule ule wa ngamia. “Bismillahi, wanangu, inukeni. Polepole!”

Wakainuka huku wakicheka, wakanitangulia. Aliyeketi tena tulimsubiri. Nguvu za kuwapita nilikuwa nazo, tele, lakini miguu yangu haijawahi kumwacha aliye nyuma, ikakataa kujifunza siku hiyo.

Mwisho wa mbio binti yangu alikuwa amenuna. “Aabo, baba yangu, umekuwa wa mwisho kabisa!”

“Naam,” nikamjibu. “Sasa wahesabu. Wote saba wamefika.”